Gauni la Kondoo na Bendera

Nilikuwa mnene. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu wangu wakiiona picha ya harusi yangu husema mpiga picha alikosea. Hakukosea. Nilikuwa mnene wa kweli, nikikaa kwenye kiti, kiti kinasema, na wanaume wa Andoany, mji wetu kisiwani Nosy Be, walikuwa wakipita mbele ya nyumba yetu mara mbili mbili kama watu waliosahau kitu. Siku hizi msichana akiongeza wali mama yake anakohoa. Sisi tulikuwa tunaongezewa bila kuulizwa.

Maneno mengi ya humu yalisemwa kwa Kibuki, yaani Kimalagasi, na kwa Kingazija. Mimi nayaandika kwa Kiswahili cha marehemu baba, mtu wa biashara, ambaye alikataa watoto wake wagombane nyumbani kwa lugha nyingine. Shule nilikwenda kidogo, mpaka nilipoweza kuandika jina langu, nikaona yanatosha. Haya mengine nimejifundisha mwenyewe, na anayeona mwandiko mbaya anunue miwani.

Basi ikaja posa kutoka Mahajanga. Mwanamume alikuwa mfanyakazi wa bandarini, mtu wa asili ya Ngazija kama sisi, mpole, masikio makubwa. Nilimpenda kwa ajili ya masikio, nikajua huyu atanisikia. Desturi ya watu wetu mume ndiye anahamia kwa mke, lakini bandari haihamishiki, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kwao, mtaa wa Tsaramandroso, nyumba ya mama yake. Na katika nyumba hiyo alikuwamo dada yake. Wifi yangu.

Sasa nielezeni wifi. Hapana, nitamweleza mimi.

Miaka ile uhuru ulikuwa bado unanukia rangi mpya, na kila bibi harusi wa mjini alitaka akalishwe mbele ya wanawake akiwa ndani ya gauni jeupe refu la kizungu. Wafaransa walikuwa wanaondoka. Sisi tulitaka waende, lakini magauni yabaki. Wifi yangu alikuwa fundi cherehani, na gauni lake la harusi alijishonea mwenyewe, jeupe, lenye marinda mengi chini, kiuno chembamba kama shingo ya chupa. Baada ya harusi yake akaanza kuliazimisha kwa kila bibi harusi wa ukoo. Kuazimisha kwa jina tu! Ukishalivaa umefungwa kamba. Anakuita "binti wa gauni langu," na binti wa gauni hutumwa. Mmoja anamletea maji, mwingine anamchambulia mchele, mwingine anamkuna mgongo. Kuna mmoja alihamia mbali, Belobaka, na mumewe, akadhani ameokoka. Aliletewa salamu na dereva wa gari la abiria kwamba vitunguu vinamngoja. Akaja! Atakataaje, na picha ipo ukutani, yeye ndani ya gauni?

Huyo ndiye wifi. Naye akanitumia maneno kwa watu wa meli: "Mwambieni huyo wa Nosy Be asihangaike. Aje na mwili wake tu, gauni lipo."

Maneno yalinikuta shambani tukichuma langilangi, yale maua ya manukato, wanawake tele, kila mmoja na kikapu chake na masikio yake. Nikasema kwa sauti ili wayabebe: "Mwili ninao, wauone kama watauweza. Na gauni nitakuja nalo."

Nilipomaliza kusema ndipo nikakumbuka kwamba gauni sina, kitambaa sina, na anayejua kushona kwetu alikuwa mama yangu mdogo, ambaye alishona mito tu, na mito yenyewe ilikuwa inamwaga pamba. Nikaanza kuona mchele wa wifi mbele ya macho yangu, magunia, nikiuchambua mpaka nazeeka.

Mama mdogo ndiye aliyesikia habari ya bibi wa Kifaransa. Mume wake alikuwa mkubwa wa mashamba ya miwa, na sasa walikuwa wanafunga mizigo. Mpishi wao alikuwa ameachiwa vitu barazani auze: masufuria, vioo, viatu vya mpanda farasi wakati kisiwani farasi hakuna. Tukaenda asubuhi. Mpishi alikuwa Muislamu kama sisi, mtu wa maneno mengi, amekaa kwenye kiti cha tajiri wake miguu juu.

"Mnataka nini, mabibi? Nina birika, nina saa isiyotembea, nina picha ya mlima."

"Tunataka gauni la harusi," mama mdogo akasema.

"La nani?"

Mama mdogo akaninyooshea kidole. Mpishi akanitazama kutoka upande mmoja mpaka upande mwingine, na alichukua muda. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati lililokaa miaka chini ya kitanda cha wageni.

"Humu mna kitu," akasema. "Sijui cha nani, ni cha zamani. Lakini niamini mimi, nimewapikia Wazungu maisha yangu yote. Hili ni la harusi."

Akakunjua. Wallahi nilisahau kufunga mdomo. Kitambaa cheupe, chepesi, mikono mirefu, shingoni kamba ya kufungia. Na kuanzia magotini mpaka chini, lesi! Lesi tupu, pana, iliyochorwa kama ukuta wa msikiti. Kiuno halikuwa nacho. Lilishuka moja kwa moja kama maji ya mtungi.

"Halina kiuno," nikasema.

"Na wewe je?" mama mdogo akajibu. Kisha akalinusa, akanishika mkono. "Nusa! Limefukizwa ubani."

Nikanusa. Kweli, ubani ulikuwa umeingia mpaka kwenye nyuzi. Mama mdogo akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe hata hawa hufukiza nguo za harusi. Na sisi tulikuwa tunawasema."

Nikalivaa palepale juu ya nguo zangu. Lilinikaa! Halikubana kwapani, halikubana makalioni, lilinipokea kama mgeni aliyekuwa akingojwa. Nikamwambia mama mdogo kwamba aliyeolewa ndani ya gauni hili alikuwa mwanamke wa haja. Mpishi akachukua kuku wetu wawili na ahadi ya sambusa, nasi tukaondoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Nyumbani tulikaa na ile lesi mchana mzima tukiisoma. Tulikuwa na hakika tumeielewa. Kulikuwa na mashuke, tukasema mpunga, maana harusi bila wali ni mazungumzo tu. Kulikuwa na vishada vya matunda, tukasema uzazi. Kulikuwa na kikombe chenye mguu mrefu, na juu ya kikombe duara limetoa miale. Mama mdogo akapiga kofi: "Mwezi wa kumi na nne! Ndiye wewe mwanangu, bibi harusi."

Kisha tukamfikia kondoo. Alikuwa amelala, mdogo, amekunja mguu, na amebeba bendera. Hapo tulikwama. Kondoo wa karamu tunamjua, lakini bendera ya nini? Mama mdogo akaisogeza dirishani. Ndani ya bendera palikuwa na mstari mmoja umesimama na mwingine umelala.

"Kama bendera yetu mpya!" akasema. "Si ina kipande kimesimama na vipande vimelala? Hii ni ya uhuru."

"Lakini gauni ni la zamani, mama."

"Basi waliona mbali."

"Na kwa nini kondoo? Nchi hii wangeweka ng'ombe mwenye nundu."

"Mzungu aliyefuma hakujua kufuma nundu," mama mdogo akasema, na jambo likaisha.

Tulifika Mahajanga na meli ya mizigo, mimi nimetapika njia yote, gauni limelala kwenye sanduku lake la bati juu ya mapaja ya mama mdogo. Nyumba ya Tsaramandroso ilijaa wanawake wa ukoo, na mbele yao wifi, mrefu, mwembamba, pini mdomoni kama kawaida ya mafundi. Alinipokea vizuri. Alinikumbatia, na huku ananikumbatia nikahisi anapima mgongo wangu kwa viganja.

"Karibu, binti wa gauni langu."

"Ahsante, wifi. Gauni nimekuja nalo."

Pini zilibaki mdomoni, lakini tabasamu lilidondoka. Sikulifungua sanduku siku ile. Nilitaka aumie kidogo.

Kukalishwa kwangu kulikuwa Ijumaa jioni. Asubuhi mama mkwe akamwita jirani wa nyumba ya pili aje apige pasi gauni, kwa sababu hakuna aliyeshika pasi ya mkaa kama yeye. Alikuwa anafua na kupiga pasi kwa watawa wa misheni. Mkatoliki, mtu mwema, mikono mikubwa. Mama mkwe, wifi, mama mdogo na mimi tukakaa kumzunguka, na mabinti wote wa gauni wamejipanga mlangoni, yule wa Belobaka akiwa mbele, wanaona kwa macho yao kama kweli kuna mtu atapona.

Jirani akafungua sanduku, akalitandika gauni mezani. Akalitazama. Akaweka pasi chini. Kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Mmelipata wapi hili?"

"Nosy Be," mama mdogo akasema kwa maringo. "Tazama lesi ile. Umemwona kondoo?"

"Nimemwona."

"Amebeba bendera ya Jamhuri."

"Mama," jirani akasema polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari, "hiyo si bendera ya Jamhuri. Huo ni msalaba. Na huyo si kondoo wa hivihivi. Huyo ni Yesu, kwa mfano wake."

Mama mkwe akasema, "Astaghfirullah," kwa sauti ndogo.

"Na mpunga?" nikauliza.

"Ngano. Ya mkate wa misa."

"Na kikombe?"

"Cha padri."

"Na mwezi wa kumi na nne?" mama mdogo akadakia.

"Mkate."

Hilo ndilo lililomuuma mama mdogo kuliko yote. Habari ya kondoo aliisamehe. Lakini kwamba siku zote zile alikuwa ananiita mkate!

"Basi gauni lenyewe ni la nani?" wifi akauliza, na nilisikia furaha inavyopanda kooni mwake kama maziwa yanayochemka.

"Si gauni," jirani akasema. "Ni kanzu ya padri. Anaivaa kusalisha."

"Padri gani," nikasema, nikajipiga makalio, "mwenye haya?"

"Wapo," jirani akasema. "Wanapikiwa vizuri."

Hapo wanawake walianza kuanguka. Yule wa Belobaka alishika mwimo wa mlango, machozi yanamtoka, anacheka huku analia kwa sababu alijua maana yake: na mimi nimekwisha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza vitunguu.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi aliyesema mara chache. Akainuka, akaizunguka meza, akaigusa nguo kwa kidole kimoja kama anayejaribu uji. Akamuuliza jirani: "Ukimtoa kondoo na kikombe na vyote, inabaki nini?"

"Inabaki kanzu tu, nyeupe."

"Basi. Kanzu hata imamu anavaa. Kateni lesi."

Jirani akaomba ile lesi apewe yeye, aipeleke misheni, kuliko itupwe. Akapewa, wifi alikata kwa raha zake, krap, krap, na jirani akaikunja, akaibusu, akaondoka nayo kabla mtu hajaifanya pazia. Kila mtu alipata haki yake. Isipokuwa mimi, maana lesi ilipotoka, gauni liliishia magotini.

Nikalivaa, nikasimama katikati ya chumba. Miguu yangu yote nje, minene, myeupe kwa unga wa mchele tuliojipaka.

"Hilo si gauni tena," wifi akasema. "Hilo ni shati la kulalia." Akafungua kabati lake, na sikuwahi kuona mtu akifungua kabati kwa utamu namna ile. "Njoo mwanangu. Njoo uvae la watu."

Maduka ya Wahindi Waislamu yalikuwa yamefungwa Ijumaa nzima, kitambaa cha kuongezea hakipo, na jioni inakuja. Nikanyanyua mikono. Mabinti wa gauni wakashusha macho, kama kwenye mazishi.

Gauni likapita kichwani. Likapita mabegani kwa shida. Kifuani likasimama.

"Vuta pumzi ndani," wifi akasema.

"Pumzi niliyonayo ndiyo ninayoishi nayo, wifi. Niiweke wapi?"

"Vuta!"

Akavuta yeye. Mguu mmoja kauweka ukutani, kashika kitambaa kwa mikono miwili, anavuta kama anayeteremsha tanga. Mama mdogo akaanza kusoma dua. Mimi nikafumba macho, na kwa ukaidi tu nikavuta pumzi ya nje, yote iliyokuwa Tsaramandroso.

Likapasuka. Kutoka kwapani mpaka nyonga, sauti ndefu, kama mtu anachana mkeka. Na upande wa pili ukafuata kwa huruma.

Wifi alikaa sakafuni, kiuno cha chupa kiko mikononi mwake vipande viwili. Nilimhurumia, lakini kidogo, kama chumvi kwenye chai.

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Hili lina juu, halina chini," akasema, anaonyesha kanzu ya padri. "Hili lina chini, halina juu. Humu ndani kuna fundi, au mmekaa tu?"

Wifi akainuka sakafuni. Kisha akavuta cherehani. Nitasema haki yake: alikuwa fundi. Alikata marinda yake mwenyewe bila kulia, akayashona chini ya kanzu pale lesi ilipokuwa, akafunika mshono kwa utepe. Alipofika nusu ya kushona akasimamisha gurudumu.

"Lakini tuelewane. Juu ni lake. Kuanzia magotini kwenda chini ni gauni langu. Kwa hiyo miguu ni yangu."

"Na magoti yenyewe?" mama mdogo akauliza.

"Magoti yamo."

"Hayamo! Magoti ni ya sala."

Wifi akafikiri. "Haya, magoti yabaki. Lakini chini ya hapo, ni binti wa gauni langu, na atatumwa."

Wakanigeukia mimi. Wanawake wote wananitazama, na bibi harusi hatakiwi hata kusema siku hiyo. Nikasema, "Nimekubali. Miguu yako, wifi." Yule wa Belobaka akafunika uso wake.

Jioni nilikalishwa. Ninyi hamkuniona, poleni. Kanzu juu imetulia, marinda chini yamefurika, ubani wa padri umechanganyika na langilangi yangu, na wanawake wa mjini wakanong'onezana kwamba huo ndio mtindo mpya wa Paris, kwamba huko sasa kiuno kimeshushwa magotini. Wawili waliuliza wifi anaweza kuwashonea. Mume wangu alipoletwa kunifunua uso alisema kitu kimoja tu: "Ni wewe wote huyu?" Nikamjibu, "Wote, isipokuwa miguu." Hakuelewa, akatikisa yale masikio, tukapigwa picha.

Fungate ikaisha. Asubuhi ya kwanza niliyotoka chumbani, wifi alikuwa barazani na kahawa yake, mama mkwe pembeni anachambua mboga. Wifi hakunitazama hata usoni. Alitazama chini.

"Miguu yangu imeamka? Haya, iende sokoni ikaniletee samaki."

Mama mkwe aliacha mboga. Nadhani hata yeye alitaka kujua.

"Labeka, wifi," nikasema, na nikaenda. Nilikwenda sokoni kwa adabu zote, nikatembea kwenye meza za samaki, hii mpaka ile, nikarudi taratibu na jua limeshapanda. Nikasimama mbele yake.

"Samaki wako wapi?"

"Wako sokoni. Miguu imekwenda, imefika, imewaona. Wazuri sana, hasa wale wekundu. Lakini kubeba ni kazi ya mikono, wifi, na mikono iko upande wa padri."

Mama mkwe alianza kucheka kimya, mabega tu, kisha kikapu cha mboga kikamwagika na hakujali. Wifi akatazama miguu yangu, akatazama mikono yangu. Mwisho akainuka, akatafuta viatu vyake, akatoka mwenyewe kuelekea sokoni. Alipofika njiani akageuka.

"Wekundu, ulisema?"

"Wekundu, wifi. Meza ya mwisho."